Matabibu wa Bara Hindi Katika Vita vya Balkani: Habari za Msafara wa Rehema, 1912–1913

Miongoni mwa amali njema ambazo watu wa kila zama wamezisifu, imo ile ya mtu kuondoka kwao, akaacha jamaa zake na raha yake, akavuka bahari kwenda kumsaidia mtu asiyemjua. Amali hii ni nyepesi kutajwa juu ya mimbari, walakini ni nzito kutendwa. Msaidizi mgeni hana lugha ya wenyeji, hajui njia zao, hawezi baridi yao wala chakula chao. Na mara nyingi huwa yeye mwenyewe ni mzigo wa pili kwa wale aliokwenda kuwatua mzigo wa kwanza. Kwa sababu hiyo si kila aliyekwenda alifaa, wala si kila aliyefaa alikuwa na mali nyingi.

Historia ya Waislamu katika karne ya ishirini ina mfano mmoja ulio wazi wa jambo hili, nao ni msafara wa matabibu na vijana wa Bara Hindi waliokwenda Uturuki katika majira ya baridi ya 1912 na 1913, wakawatumikia majeruhi na wagonjwa wa Vita vya Balkani chini ya chama cha Hilali Nyekundu cha wenyeji. Watu wenyewe walikuwa wachache, zaidi kidogo ya ishirini. Hawakuigeuza vita, wala hawakuuokoa mji hata mmoja. Pamoja na hayo habari zao zafaa kusomwa katika kila jumuiya yenye kukusanya sadaka, maana ndani yake mna majibu ya swali ambalo kila mfadhili hujiuliza: je, msaada wa mbali wafaa nini, nao wafaa kwa sharti gani?

MSIBA WA MAJIRA YA BARIDI

Tarehe 8 Oktoba 1912 nchi ndogo ya Montenegro ilitangaza vita juu ya Dola ya Uthmaniya, na baada ya siku chache zikafuata Bulgaria, Serbia na Ugiriki. Dola ilikuwa imekwisha kuchoka. Mwaka uliotangulia Italia ilikuwa imeishambulia Libya, na mapatano ya vita hiyo yalitiwa sahihi katika mwezi huo huo wa Oktoba ambamo vita mpya ilianza. Katika muda wa majuma machache majeshi ya Uthmaniya yalishindwa karibu kila upande. Mji wa Salonika ulianguka Novemba. Edirne, uliokuwa mji mkuu wa Dola kabla ya Istanbul, ulizingirwa. Na jeshi la Bulgaria likafika mbele ya ngome za Çatalca, mahali palipo mwendo wa kilomita arobaini hivi kutoka Istanbul. Hapo ndipo lilipozuiwa katikati ya mwezi wa Novemba.

Walakini adui mkubwa kuliko risasi alikuwa kipindupindu. Maradhi haya yaliingia katika kambi za askari waliokuwa wamerudi nyuma kwa njaa na kwa miguu, yakaua watu kwa maelfu katika Hademköy na Ayastefanos. Magari ya moshi yaliyopeleka askari mbele yalirudi na wagonjwa waliolaliana, wazima na maiti pamoja. Hospitali za Istanbul zilijaa. Skuli zikafanywa hospitali. Na misikiti, hata ule mkubwa wa Ayasofya, ikawekwa wagonjwa.

Juu ya hayo walikuja wakimbizi. Waislamu wa vijiji vya Makedonia na Thrakia waliyafunga magari yao ya ng'ombe, wakapakia watoto na magodoro na vyungu, wakaelekea mashariki katika matope na mvua. Hesabu yao yote kwa muda wa vita hivyo ilifika watu laki kadhaa. Walilala katika nyua za misikiti ya Istanbul wakingoja merikebu za kuwavusha kwenda Anatolia, na wengi hawakuvuka, maana baridi na maradhi yaliwawahi. Wala si Waislamu peke yao walioteseka: vita ilivichoma vijiji vya watu wa kila dini, na kila jeshi lilipopita liliacha nyuma yake wajane na mayatima.

CHAMA CHA HILALI NYEKUNDU

Msafara wa Bara Hindi haukwenda kusimama peke yake. Ulikwenda kuingia katika kazi ya chama cha wenyeji kilichokuwako, na ili habari ieleweke yapasa kwanza kukijua chama chenyewe.

Asili ya vyama vya namna hii ni vita vya Solferino, katika nchi ya Italia, tarehe 24 Juni 1859. Mfanyabiashara wa Uswisi, Henry Dunant, alipita jirani ya uwanja wa vita kwa shughuli zake, akaona maelfu ya majeruhi wameachwa bila ya maji wala dawa. Aliingia kanisani katika mji wa Castiglione, akawasaidia wanawake wa mji ule waliokuwa wakiwaosha na kuwanywesha majeruhi wa pande zote mbili bila ya kuuliza huyu ni wa nani. Kutokana na aliyoyaona pakapatikana Mapatano ya Geneva ya 1864, yaliyoamuru kwamba askari aliyejeruhiwa si adui tena, na kwamba mganga na hospitali wasipigwe. Dola ya Uthmaniya iliyakubali mapatano hayo mwaka 1865, na chama cha kwanza cha kuwasaidia majeruhi kikaundwa Istanbul mwaka 1868.

Alama ya vyama hivi ilikuwa msalaba mwekundu juu ya nguo nyeupe. Mwaka 1876, vita ilipowaka tena katika Balkani, serikali ya Uthmaniya iliarifu kwamba itatumia hilali mahali pa msalaba, kwa kuwa askari wake waliiona alama ile nyingine kuwa ngeni kwao. Mataifa yalivumilia jambo hilo kwa miaka mingi, mpaka hilali ilipothibitishwa rasmi katika Mapatano ya Geneva ya 1929. Siku hizi alama hizi mbili zimo katika jina moja la shirikisho lao la dunia. Na katika pande za Afrika ya Mashariki, Somalia na Komoro zatumia hilali, hali jirani zao Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zatumia msalaba, na kazi yao ni moja.

Chama cha Istanbul kilikuwa kimelala kwa miaka, kikafufuliwa upya mwaka 1911. Mwaka 1912 kiliundiwa tawi la wanawake, ambao walishona nguo za wagonjwa, walikusanya michango, na baadaye wakaingia katika kazi ya uuguzi. Nalo lilikuwa jambo jipya katika mji ule. Basi vita ilipowaka chama kilikuwa na hospitali, maghala ya dawa, orodha za wagonjwa, na watu waliojua ni kijiji gani kina shida gani. Kilichokosekana ni mikono na fedha.

WITO NA MICHANGO

Habari za Balkani zilifika Bara Hindi kwa simu na kwa magazeti. Nchi ile, ambayo siku zile ilijumuisha India, Pakistan na Bangladesh za leo, ilikuwa chini ya Uingereza, na Waislamu wake walikuwa mamilioni mengi. Wengi wao walimtazama Sultani wa Istanbul kuwa ndiye Khalifa, na kushindwa kwake walikuona kuwa ni msiba wao.

Magazeti ndiyo yaliyokuwa mimbari ya wito huu. Katika Calcutta, Maulana Abul Kalam Azad alianzisha gazeti lake la Kiurdu, Al-Hilal, Julai 1912. Katika Lahore, Zafar Ali Khan alikusanya fedha kwa gazeti la Zamindar. Katika Delhi, Maulana Mohamed Ali alikuwa na gazeti la Kiingereza lililoitwa Comrade, alilolianzisha Calcutta mwaka 1911 na kulihamishia Delhi katika mwaka wa vita. Ni yeye aliyeona kwamba fedha peke yake hazitoshi, na kwamba yafaa wapelekwe watu.

Matajiri walitoa kwa maelfu, na maskini walitoa kwa ana na paisa. Wanawake walivua vikuku na vipuli. Wanafunzi wa chuo cha Aligarh walijipunguzia chakula chao ili thamani yake ipelekwe kwa majeruhi. Majina ya watoaji na kiasi cha kila mmoja yalipigwa chapa katika gazeti, kikubwa na kidogo, hata mtu wa mbali akaweza kuona kwamba alichokitoa kimepokewa. Jambo hili laonekana dogo, walakini sehemu kubwa ya habari hii imesimama juu yake, kama itakavyoonekana mbele.

Yapasa pia kusemwa kwa haki kwamba nia za watu hazikuwa za namna moja. Wako waliosukumwa na huruma tupu. Wako waliotaka kuionyesha serikali ya Uingereza kwamba Waislamu wa Bara Hindi wana sauti. Na wako vijana waliotamani kuiona Istanbul na kunusa vita. Historia haimdai mtu awe malaika ndipo amali yake ihesabiwe. Yaangalia pia aliyoyatenda alipofika.

DAKTARI ANSARI NA WENZAKE

Uongozi wa msafara alipewa Daktari Mukhtar Ahmed Ansari. Alizaliwa Desemba 1880 katika Yusufpur, wilaya ya Ghazipur, akasoma utabibu katika Madras kisha katika Edinburgh, na akafanya kazi ya upasuaji katika hospitali za London, ikiwamo ile ya Charing Cross. Mwaka 1910 alirejea kwao, akafungua uganga wake Delhi. Alipopewa kazi ya msafara alikuwa akikaribia kutimiza miaka 32, na mbele yake ilikuwako njia nyepesi ya heshima na mapato mema. Aliufunga mlango wa uganga wake akaenda.

Pamoja naye walikuwamo matabibu wachache waliohitimu, na waliobaki walikuwa vijana, wengi wao wa Aligarh, ambao hawakuwa matabibu. Miongoni mwao walikuwamo Chaudhry Khaliquzzaman, Shuaib Qureshi, Abdur Rahman Siddiqi, na kijana wa Peshawar aliyeitwa Abdur Rahman. Huyu wa mwisho yasimuliwa kwamba aliuza vitu vyake ili apate gharama za safari. Vijana hawa walifundishwa kufunga vidonda, kubeba machela, kuwaosha wagonjwa na kukesha nao. Kwa lugha ya hospitali za Afrika ya Mashariki walikuwa madresa na wauguzi. Mtoto wa tajiri na mtoto wa karani walishika beseni moja.

Tarehe 15 Desemba 1912 waliondoka katika bandari ya Bombay, mji ambao leo waitwa Mumbai, na ambao watu wa Mombasa na Unguja waliujua tangu zamani kwa merikebu zake. Walichukua mahema, dawa na vyombo vya upasuaji, maana Ansari hakutaka kuwaomba wenyeji kitu kilichokuwa haba kwao.

Msafara wao haukuwa wa pekee. Kutoka Bara Hindi walikwenda wengine pia. Hilali Nyekundu ya Misri, iliyoanzishwa katika vita vya Libya kwa juhudi za Sheikh Ali Yusuf, mwenye gazeti la Al-Mu'ayyad, nayo ilituma watu. Na katika London, Syed Ameer Ali, mwanachuoni na hakimu mashuhuri, alikuwa amekwisha kuunda chama cha Hilali Nyekundu cha Waislamu walioko Uingereza. Hata hivyo msafara wa Ansari ndio ulioacha nyayo zilizodumu, kwa sababu ya namna ulivyofanya kazi na kwa sababu ya yaliyowapata watu wake baadaye.

KAZI KATIKA ARDHI YA WATU

Walipofika Istanbul silaha zilikuwa zimewekwa chini, maana mapatano ya muda yalifanywa tarehe 3 Desemba. Lakini wagonjwa hawakungoja mapatano, wala amani haikudumu. Tarehe 23 Januari 1913 serikali ya Istanbul ilipinduliwa na maofisa wa jeshi, na mwanzoni mwa Februari vita ikaanza upya. Katika mwezi huo palikuwa na mapigano makali katika rasi ya Gallipoli, na majeruhi wakaletwa kwa wingi. Tarehe 26 Machi Edirne ulianguka, baada ya kuzingirwa kwa miezi mitano na watu wake kula majani.

Msafara ulijiweka chini ya amri ya Hilali Nyekundu ya wenyeji. Haukujichagulia mahali penye kupendeza, bali ulikwenda ulikopelekwa: hospitali ya mahema upande wa Çatalca, nyuma ya mistari ya vita, na baadaye kazi katika pande za Çanakkale, penye mlango wa bahari. Watu waliozaliwa katika joto la Delhi na Lucknow walifanya kazi katika theluji. Askari waliletwa kwa magari ya ng'ombe wakiwa na vidonda vya siku kadhaa, vingine vimeoza, na vidole vya miguu vimekufa kwa baridi. Daktari alipasua mchana, na usiku vijana walizunguka na taa baina ya vitanda.

Lugha ilikuwa kizuizi, walakini haikuwa ukuta. Kiurdu na Kituruki zimechota katika visima vya Kiarabu na Kifarsi, kama Kiswahili nacho kilivyochota. Mturuki akisema “hizmet”, Mhindi husema “khidmat”, na Mswahili husema “huduma”. Na salamu ni salamu kwa wote watatu. Mgonjwa asiyeelewa sentensi alilielewa neno, na asiyelielewa neno aliuelewa mkono.

Kila wiki iliyowezekana Ansari aliandika barua, na barua hizo zilipigwa chapa katika Comrade. Ndani yake alieleza kazi ilivyokwenda, wagonjwa walivyokuwa, na hali ya wakimbizi. Kwa hiyo mjane wa Delhi aliyetoa kipuli chake alisoma, au alisomewa, kwamba hema limesimama na mtu amelazwa ndani yake. Aidha barua hizo ziliwafundisha wasomaji jambo ambalo hawakulifikiri hapo kwanza: kwamba majeruhi hupona au hufa, na kazi yake huisha, lakini mkimbizi ana njaa leo na kesho na mwaka ujao. Pakazaliwa shauri la kuwajengea wakimbizi makazi katika Anatolia kwa fedha za Bara Hindi, wapate mashamba na majembe kuliko kupewa mkate wa kila siku. Vita Kuu ya 1914 ililikata shauri hilo. Hata hivyo lilikuwa shauri la watu waliokaa na wenye shida hata wakaitambua shida yenyewe.

Mapatano ya London yalitiwa sahihi tarehe 30 Mei 1913, na Dola ikapoteza karibu nchi zake zote za Ulaya. Tarehe 4 Julai msafara ulishuka tena Bombay, ukapokewa kwa shangwe. Majuma machache baadaye, washindi walipokuwa wakipigana wao kwa wao, Uthmaniya iliurudisha mji wa Edirne. Lakini hilo halikuwa tunda la kazi ya matabibu, wala wao hawakulidai.

ALIYEBAKI

Kijana mmoja hakutaka kubaki nyumbani. Abdur Rahman wa Peshawar alichagua kuishi Uturuki na kufungamana na watu aliokuwa amewauguza. Aliingia katika jeshi, akapigana katika Vita Kuu. Waturuki walipoanza kupigania uhuru wao baada ya vita hiyo, alikuwa miongoni mwa wafanyakazi wa kwanza wa Anadolu Ajansı, shirika la habari lililoundwa Aprili 1920. Kisha serikali mpya ya Ankara ikamtuma Afghanistan kuwa mjumbe wake. Hivyo mtu aliyekwenda kushika beseni la dawa katika nchi ya watu akarudi mpakani mwa nchi ya wazazi wake akiwa balozi wa nchi ile ya pili.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Mwaka 1925 alipigwa risasi usiku katika Istanbul, akafa baada ya kuugua. Yaaminiwa na wengi kwamba wauaji walimdhania kuwa Rauf Orbay, mwanasiasa mashuhuri wa siku zile ambaye alifanana naye. Alizikwa huko huko, na Waturuki wamemhesabu kuwa wao.

FEDHA ZA UMMA

Katika habari hii pana upande wa pili usiofaa kufichwa, maana faida yake ni kubwa kwa kila mwenye kushika sanduku la michango.

Baada ya Vita Kuu Waislamu wa Bara Hindi waliunda harakati ya Khilafa, wakichelea kwamba Istanbul itagawanywa. Michango iliyokusanywa ilipita kwa mbali ile ya 1912. Sehemu yake ilipelekwa Ankara, na baadhi ya fedha hizo zikaingia katika mtaji wa benki ya Türkiye İş Bankası iliyoanzishwa mwaka 1924. Yaani fedha zilizotolewa kwa ajili ya Khilafa zilijenga benki katika mwaka ule ule ambao Khilafa yenyewe iliondolewa na Bunge la Uturuki. Na katika Bombay, mwaka 1922, ilidhihirika kwamba sehemu kubwa ya akiba ya harakati ilikuwa imeingizwa katika biashara ya mmoja wa viongozi wake, na haikuweza kurudishwa yote. Watu waliotoa kwa machozi walivunjika moyo, na michango ikakauka.

Tofauti ya mambo haya mawili si ya wingi wa fedha wala ya ukubwa wa imani. Mwaka 1912 shabaha ilikuwa moja na yenye kuonekana: hema, daktari, mgonjwa. Hesabu ilipigwa chapa, na aliyepokea alijulikana kwa jina. Miaka kumi baadaye shabaha ilikuwa kubwa mno, njia ilikuwa ndefu, na mlinzi wa sanduku hakuwa na mlinzi juu yake. Wazee walisema kwamba mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Na amana ya sadaka yazidi amana nyingine zote, kwa kuwa mwenye kudai ni fukara asiyejua hata kwamba anadai.

MATUNDA NYUMBANI

Kama msafara ungepimwa kwa vita, ungehesabiwa kuwa haukufanya kitu. Edirne ulianguka ilhali wao wako kazini. Dola waliyokwenda kuisaidia haikupita miaka kumi ikatoweka. Lakini mgonjwa aliyepona hakuwa ngome wala mpaka, na kupona kwake kulitosha kuwa ni sababu.

Tena lilikuwako tunda lingine, nalo lilizaliwa nyumbani. Watu waliozoea kufanya kazi pamoja chini ya hema hawakuusahau mazoea huo. Khaliquzzaman na Shuaib Qureshi walikuwa baadaye watu wakubwa katika siasa. Wa kwanza alikuwa gavana wa Bengal ya Mashariki katika Pakistan mpya, na wa pili alikuwa balozi wa Pakistan katika Moscow. Ansari mwenyewe alirudi kwa wagonjwa wake. Mwaka 1920 alikuwa miongoni mwa waasisi wa chuo cha Jamia Millia Islamia, na chuo hicho kilipokaribia kufungwa kwa ukosefu wa fedha, yeye na Hakim Ajmal Khan walikihamishia Delhi mwaka 1925 na kukilinda. Alikuwa rais wa Congress ya India katika mwaka 1927, na mkuu wa Jamia kuanzia 1928 mpaka alipofariki, tarehe 10 Mei 1936, akiwa safarini katika gari la moshi. Alizikwa katika ardhi ya chuo.

Nyumba yake katika mtaa wa Daryaganj, Delhi, iliitwa Darus-Salaam. Mwaka 1935 alimpokea humo mgeni kutoka Uturuki, Bibi Halide Edib, mwandishi mashuhuri, aliyekuja kutoa mihadhara katika Jamia. Bibi huyu naye, katika majira ya baridi ya 1912, alikuwa pamoja na wanawake wenziwe wa Istanbul wakiwauguza majeruhi katika hospitali ndogo waliyoifungua wenyewe. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka ishirini. Dola ilikuwa imekwisha, Sultani alikuwa amekufa ugenini, na ramani ilikuwa imechorwa upya. Lakini mlango uliofunguliwa kwa ajili ya msaada ulikuwa bado wazi, na safari hii Mturuki ndiye aliyekuja kwa Mhindi, naye alileta elimu.

HITIMISHO

Katika miji ya nchi hizi za Afrika ya Mashariki na ya Kati, Waislamu wameona misafara mingi ya msaada ikija na kwenda: ya wakati wa njaa, ya wakati wa vita, na ya wakati wa wakimbizi kuvuka mipaka. Wako waliokuja na mabango makubwa wakaondoka kabla ya masika. Wako pia vijana wa hapa hapa ambao nyoyo zao zawasukuma kwenda kwa jirani wenye shida. Habari ya 1912 haiwazuii. Yawaonyesha njia iliyokwisha kupitwa.

Waliokwenda na Ansari walichukua kazi mikononi mwao, na wasiokuwa na kazi walikubali kufundishwa. Walichukua mahema yao wenyewe. Waliuliza nyumba ya wenyeji i wapi, wakaingia kwa mlango wake, wakapokea amri ya chama kilichowajua wagonjwa kuliko wao. Waliandika kila walichokifanya, na wenye fedha wakasoma. Walipomaliza walirudi, na ujuzi walioupata wakautumia kwao, wakajenga chuo na kuwatibu watu. Na aliyebaki hakubaki kuwa mgeni wa kuheshimiwa, bali alikuwa mmoja wa watu wa nchi, katika neema yao na katika hatari yao.

Mgonjwa wa Çatalca, aliyeletwa usiku katika gari la ng'ombe, yumkini hakujua Delhi ilipo. Hakusoma Comrade, wala hakuliona jina la mjane aliyevua kipuli chake. Alijua tu kwamba baridi imepungua, kwamba kidonda kimefungwa kwa nguo safi, na kwamba kijana mgeni amekaa karibu yake mpaka alfajiri.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotoa, na waliokwenda, na waliopokewa mikononi mwao. Na awajaalie walio hai kuwa waaminifu katika kila kilichowekwa chini ya ulinzi wao. Amin.